Pensheni Si Uzee: Istilahi za Malipo ya Askari Walemavu wa Marekani, 1776–1832

Miongoni mwa visawe vilivyozoeleka mno katika tafsiri zetu ni kile kinachoifanya pensheni kuwa "malipo ya uzeeni". Kisawe hicho kina faida yake: chaeleweka upesi, na kwa mtumishi anayestaafu kinatosha. Lakini kikichukuliwa kuwa ndiyo maana yote ya neno, humpotosha mfasiri wa sheria na mwalimu wa historia. Makala haya yanakusudia kuonyesha upungufu huo kwa kuzitazama sheria za Marekani zilizowahusu askari wa vita vya uhuru vya 1775 hadi 1783.

Sheria ya kwanza ilipitishwa na Bunge la makoloni yaliyoasi tarehe 26 Agosti, 1776. Iliahidi nusu ya mshahara kwa askari au baharia atakayepoteza kiungo vitani, au atakayeumia hata asiweze tena kujipatia riziki. Malipo hayo yangeendelea maisha yake yote, au kwa muda wote wa ulemavu wake. Uzee haumo. Kijana aliyekatwa mkono alistahili. Mzee mwenye viungo vizima hakustahili. Mfasiri akiandika hapa "malipo ya uzeeni" ameiandika sheria nyingine.

Neno "kilema" nalo halitoshi. Kilema hutaja kasoro ya mwili, ilhali sheria ilipima uwezo wa kujitafutia riziki, na uwezo hupungua kwa viwango. Kwa sheria ya 1790, askari wa kawaida wa jeshi la taifa aliyelemaa kabisa hakuweza kulipwa zaidi ya dola 5 kwa mwezi. Mwaka 1816 kiwango hicho kilipandishwa kuwa dola 8. Aliyeumia kidogo alipata sehemu tu. Kwa hiyo tunahitaji "ulemavu kamili" na "ulemavu wa sehemu", maneno ambayo "kilema" hayawezi kuyabeba bila kumdhalilisha mwenyewe.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika sheria ya tarehe 23 Machi, 1792. Sheria hiyo iliwataka majaji wa mahakama za mzunguko wawapime waombaji, kisha watamke kiwango cha ulemavu na malipo yanayofaa. Lakini Waziri wa Vita alipewa uwezo wa kulizuia jina aliloshuku kuwa na udanganyifu au kosa, na kulipeleka Bungeni. Je, walilotamka majaji tuliite nini? Tukisema "hukumu", tumekiri kwamba waziri aliweza kuisimamisha hukumu ya mahakama. Tukisema "pendekezo", tumekiri kwamba majaji walifanywa washauri wa serikali. Hilo ndilo hasa lililozua mgogoro. Katika Pennsylvania, majaji Wilson, Blair na Peters walikataa kulisikiliza ombi la William Hayburn, wakasema kazi hiyo si ya mahakama. Katika New York, Jay na wenzake walikubali kuifanya, lakini kwa cheo cha makamishna, si cha majaji.

Watu walikuwa wale wale na kazi ile ile. Jina la cheo ndilo lililobadilika, na kwa jina hilo madaraka yalibadilika. Mfasiri anayeandika "hakimu" kila mahali ameifuta hoja yote. Bunge liliirekebisha sheria tarehe 28 Februari, 1793, shauri la Hayburn likiwa halijaamuliwa. Tangu hapo ushahidi ulikusanywa na majaji wa wilaya au makamishna waliowateua, nao matabibu wakawakagua waombaji. Mwaka 1794, katika shauri la Yale Todd, Mahakama Kuu ya nchi ilikataa pensheni iliyotolewa na majaji waliokaa kama makamishna. Kwa askari huyo, tofauti ya maneno mawili ilikuwa tofauti ya kulipwa na kutolipwa.

Aidha, yafaa tuwe waangalifu na "kiinua mgongo". Maofisa waliahidiwa nusu mshahara wa maisha mwaka 1780, hata kama hawakuumia. Mwaka 1783 ahadi hiyo ikageuzwa kuwa mshahara kamili wa miaka mitano. Hayo yalikuwa mabadilishano ya haki moja kwa nyingine, wala hayakuwa shukrani ya mwajiri. Ama sheria ya 1818, yenyewe iliwapa pensheni hata wasioumia, mradi wawe wametumika muda uliowekwa na wawe wahitaji. Mwaka 1820 wakatakiwa waorodheshe mali zao. Sheria ya 1832 iliondoa sharti la umaskini, ikatazama utumishi peke yake. Waliolipwa walikuwa wazee kweli, lakini hata hapo uzee haukuwa sharti.

Kwa hiyo twapendekeza "pensheni" libaki jina la jumla, kisha sababu ya malipo itajwe daima: pensheni ya ulemavu, ya uhitaji, ya utumishi, ya uzee. Pendekezo hili si geni, kwani hifadhi ya jamii nchini Tanzania tayari hutenga pensheni ya uzee na ya ulemavu. Kilichobaki ni wafasiri na watumishi wa ofisi kuufuata mpango huo katika fomu, barua na vitabu vya shule. Kijana aliyeumia kazini akikuta dirishani tangazo la "malipo ya uzeeni" atageuka aende zake, akidhani halimhusu. Na haki yake itakuwa imepotea kwa neno, kabla ya ofisa yeyote kumkatalia.