Nundu Juu ya Gamba la Kobe

Amtazamaye kobe mchanga kwa makini ataona kwamba gamba lake si kipande kimoja, bali ni mabamba mengi yaliyoungana, na kwamba katikati ya kila bamba pana doa lenye chembechembe, ambalo ndilo bamba lile lile alilototolewa nalo. Bamba halikui kutoka katikati. Hukua kwenye kingo zake, katika mifereji iliyo baina ya bamba na bamba, pete moja ikizunguka nyingine. Kobe akikua kwa salama, pete hizo hulala sambamba na mgongo wote huwa laini kama bakuli lililofudikizwa. Lakini wengi wa wafugwao huinuka vijilima mgongoni, kila bamba na kilele chake, na vikiisha kuota havishuki tena.

Kwa muda mrefu wafugaji walishika itikadi kwamba asili ya nundu hizo ni protini: kobe amelishwa vyakula vizito, amekua kwa haraka, basi gamba limemfura. Hoja hiyo ilikuwa na sura ya ukweli, ila ilikuwa na taksiri moja kubwa, kwani kobe yule aliyelishwa kupita kiasi aghalabu ndiye aliyewekwa ndani ya sanduku kavu, chini ya taa ya joto mchana kutwa. Sababu mbili zilifuatana daima, na lawama ikaangukia ile iliyoonekana kwa urahisi.

Kazi ya kuzitenganisha ilifanywa Vienna, nchini Austria, na Wiesner na Iben, nayo ikachapishwa mwaka 2003. Walichukua vitoto 50 vya kobe wa Sahel, yule mwenye miiba mapajani, wakavigawa katika makundi matano na kuvilea kwa miezi 5. Ustadi wa kazi yao ulikuwa katika mizani: vyakula vililinganishwa kwa nguvu na madini, vikahitilafiana kwa protini tu, asilimia 14, 19 na 30, na hewa nayo ikapangwa kwa madaraja, pengine unyevu ukishuka hata asilimia 24, pengine usipungue 45 na kukaribia 99. Hapo ndipo kila sababu ilipopata kusimama peke yake na kuulizwa habari zake.

Jawabu lilikuwa wazi. Waliolelewa katika hewa kavu waliota nundu ndefu kuliko waliolelewa katika unyevu mwingi, ilhali protini iliongeza kidogo tu. Wala hilo si ajabu kwa amjuaye kobe huyo kwao, kwani japokuwa nchi yake ni kame, yeye huchimba shimo refu na kujificha humo wakati wa hari, na ndani ya shimo hewa haikauki kama ya juu. Sanduku la mfugaji liliiga jangwa, likasahau shimo.

Haifai, hata hivyo, kuvuka mpaka wa ushahidi. Jaribio lilihusu aina moja ya kobe, na miezi 5 ni michache katika umri wa mnyama aishiye miongo mingi. Kadhalika gamba lililolegea, libonyealo kwa kidole, ni maradhi mengine, yatokanayo na upungufu wa chokaa na mwanga wa jua, na unyevu hauyaponyi.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na kwa kobe neno hilo ni kweli tupu. Basi wewe ufugaye, mpe kitoto chako maficho yenye udongo mnyevu, mwoshe mara kwa mara katika maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu, na usiache joto lipungue, maana unyevu wenye baridi huleta maradhi ya mapafu. Fanya hivyo tangu siku za mwanzo, kwa kuwa mgongo atakaoupata utotoni ndio atakaozeeka nao.