Kosa au Dosari? Hamartia ya Aristotle na Usomaji wa Tanzia ya Mkwawa

Wanafunzi wengi wanaoandika kuhusu *Mukwava wa Uhehe*, tamthilia ya M. M. Mulokozi (1979), hufika kwenye hukumu moja: Mkwawa aliangushwa na dosari ya kiburi. Nimeikuta katika kazi za wanafunzi wa Iringa na Mbeya mara nyingi hata nimeacha kuizungushia kalamu nyekundu. Makala haya yanadai kwamba hukumu hiyo imesimama juu ya tafsiri isiyofaa ya neno moja la Kigiriki, na kwamba Kiswahili kina neno bora zaidi.

Neno lenyewe ni hamartia, analolitumia Aristotle katika sura ya 13 ya *Poetiki*. Kitenzi chake, hamartanein, Homer hukitumia kwa mkuki uliorushwa ukapita kando ya shabaha. Karne kadhaa baadaye Agano Jipya lililitumia neno hilo kwa maana ya dhambi, na huenda ndiyo sababu wasomaji wetu huteleza upesi kuelekea hukumu ya kimaadili. “Dosari” inalihamisha neno kutoka kwenye tendo hadi kwenye tabia, ilhali Aristotle, katika sura ya 6, anautanguliza msuko wa matendo mbele ya tabia za wahusika. Chungu chenye ufa kina dosari hata kikiwa hakijatiwa maji. Kukosa ni tendo: mtu hukosa shabaha, hukosa njia, huwakosea wenzake; na nomino yake ni kosa. Edipode, tunayemsoma katika tafsiri ya Samuel Mushi (1971), alimuua baba yake bila kumjua. Hilo ni kosa. Hasira zake ni jambo jingine.

Turudi Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski, naye mwenyewe akauawa. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga. Anayesaka dosari atasema ushindi ulileta kiburi. Anayesaka kosa atauliza ni tendo lipi lililokwenda kando. Lugalo adui alivamiwa ghafla akiwa safarini. Kalenga watetezi walisubiri nyuma ya ukuta, na ukuta haukuhimili mizinga.

Kwa upande wa Mbeya, msuko unapanuka. Merere wa Usangu, ambaye ukoo wake ulisukumwa na Wahehe hadi Utengule, aliungana na Wajerumani. Kwa Wasangu hiyo ilikuwa njia ya kurudi kwao. Uhakiki wa kiburi hauna pa kumweka Merere ila miongoni mwa wasaliti. Katika msuko wa makosa, yeye ni tokeo la vita vilivyoanza enzi za Munyigumba, babake Mkwawa, kama vile mzigo wa Laius unavyomwangukia Edipode.

Ataulizwa mhakiki: kwani tamthilia ya ukombozi inamhitaji Mgiriki? Pengine haimhitaji, na kuna njia nyingine halali za kuisoma. Lakini madarasa yetu yamekwishamwita Aristotle kuwa shahidi, basi na asikilizwe kwa neno alilolitamka. Kifo cha Mkwawa kwa mkono wake mwenyewe, Julai 1898, kwa kipimo cha dosari ni adhabu tu. Kwa kipimo cha kosa ni uamuzi wa mtu aliyekwisha kuona mahali mikuki yake ilipoangukia, na hivyo kinastahili kusomwa kama tendo la mwisho la msuko.