Namna "Creep" Ilivyoundwa

Miongoni mwa nyimbo za roki zilizotolewa na bendi changa zikadumu kupita matarajio ya wenyewe, "Creep" ya Radiohead yastahili kuchunguzwa na kila mwenye hamu ya kujua jinsi wimbo unavyoundwa, maana mengi yaliyoupa uhai hayakuazimiwa na mtu: yalitukia kazini, yakasikiwa na wenye masikio mazuri, yakaachwa pale pale yalipotukia. Aghalabu sifa humwendea mtungaji, na ni haki yake; lakini mimi naona wanastahili sifa nyingi zaidi wale waliotambua, katika muda mchache mno, lipi lisiguswe.

Thom Yorke aliutunga wimbo huu mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Exeter, na wenziwe wanne, yaani ndugu Jonny na Colin Greenwood, Ed O'Brien na Philip Selway, walikuwa wakipiga naye muziki tangu siku za shule huko Abingdon. Mwaka 1992, walipokwisha kutia sahihi mkataba na kampuni ya rekodi ya EMI, walikuwa katika studio ya Chipping Norton pamoja na watayarishaji wawili Wamarekani, Sean Slade na Paul Kolderie, wakihangaika na nyimbo nyingine kabisa. Siku za mazoezi waliupiga huu, na Yorke akautaja kuwa ni wimbo wao wa mwimbaji Scott Walker, hata watayarishaji wale wakadhani ni wa Walker hasa, wakasikitika kwamba wimbo bora wa bendi hii si mali ya bendi. Kazi ilipokuwa haiendi, Kolderie akawaomba waupige tena, huku tepu ikizunguka. Waliupiga mara moja tu, na ulipokwisha, watu wote waliokuwamo studioni walipiga makofi. Naye Kolderie, baada ya kuhakikishiwa kwamba ni utungo wao wenyewe, akawapigia simu EMI kuwasihi waufikirie.

Umbo lake ni la kustaajabisha kwa uchache wa vitu vyake. Kordi ni nne, nazo huzunguka kwa mpango ule ule tangu mwanzo hata mwisho: G, B, C, kisha C ile ile iliyogeuzwa kuwa maina. Msomaji aliyelelewa katika kwaya, akajifunza kuimba kwa do-re-mi, na aifuate sauti moja tu iliyofichamana ndani ya kordi hizo. Katika kordi ya kwanza sauti hiyo ni so. Katika ya pili hupandishwa nusu hatua. Katika ya tatu hupanda nusu nyingine ikawa la. Na katika ya nne hushushwa nusu, ikielekea so ilikotoka. Huo ndio uchungu wa wimbo wenyewe, nao umo ndani ya ala hata kabla mwimbaji hajafumbua kinywa. Tena kordi ya so, ambayo katika nyimbo nyingi ndiyo hushika mkono mahadhi na kuyarudisha nyumbani, haimo hata mara moja. Kurudi ni kwa njia ya fa, ile njia inayojulikana na kila mwanakwaya kwa "Amina" ya mwisho wa tenzi, ila hapa fa imekwisha kutiwa huzuni. Kwa hiyo duara halifungiki sawasawa, na sikio halichoki kulizunguka.

Lakini mpango usiobadilika una hatari yake, maana ubeti na kiitikio vikisimama juu ya kordi zile zile, nini kitavitenga? Jawabu lake halikutoka kwa mtungaji. Ubeti ni mtulivu: ngoma, besi, na gita linalochezwa uzi mmoja mmoja. Jonny Greenwood hakuupenda utulivu huo, na kabla ya kiitikio akazicharaza nyuzi kwa nguvu huku mkono wa kushoto umezizima, hata ukatoka mkwaruzo mkavu usio na noti, mara moja, kisha tena, ndipo magita yenye kukwaruza yalipofumka yote pamoja. O'Brien amesimulia kwamba mwenzao alikuwa akijaribu kuuharibu wimbo. Watayarishaji wangeweza kuufuta mkwaruzo ule kama kosa. Waliuacha, na leo mtu hutambua wimbo kwa huo kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo sababu ya kusema kwamba kazi ya mtayarishaji si kusafisha tu.

Piano nayo ina kisa cha namna hiyo: wakati wa kuchanganya sauti, Kolderie aliisahau mpaka karibu na tamati, na bendi iliposikia inaingia pale tu, baada ya ghadhabu kwisha, ikaridhia ibaki hivyo.

Sehemu moja ya mahadhi ilifanana mno na "The Air That I Breathe", wimbo uliopata umaarufu kwa The Hollies mwaka 1974. Na watungaji wake, Albert Hammond na Mike Hazlewood, wakaandikwa kuwa washiriki wa utungo na kupewa fungu la mapato. Naona hiyo ni insafu, wala haiupunguzii "Creep" heshima.

Singo ilitolewa Septemba 1992, na Uingereza haikuipokea. Radio 1 ya BBC iliiona inahuzunisha mno. Nakala zilizouzwa zilikuwa 6,000 hivi, na cheo chake kilikuwa cha 78. Waliouokoa wimbo walikuwa mbali. Nchini Israeli, mtangazaji Yoav Kutner aliupiga mara kwa mara katika redio ya jeshi hata ukawa maarufu huko. Kisha redio ya KITS ya San Francisco ikaushika, na redio nyingine za Marekani zikafuata, zikipiga toleo ambalo tusi lililomo limebadilishwa. Ulipotolewa upya Uingereza mwaka 1993, ulifika namba 7.

Baadaye kwaya ya wasichana ya Scala kutoka Ubelgiji iliuimba kwa piano peke yake, na uimbaji huo ukatumiwa mwaka 2010 kuitangaza filamu ya "The Social Network". Hapo ndipo penye ushahidi wa zile kordi nne, kwamba zinasimama hata zikivuliwa magita yote. Hata hivyo mimi huurudia wa mwanzo, maana katika ule wa kwaya kiitikio huja kwa upole, pasipo mtu wa kukizuia njiani, na mahali pa ule mkwaruzo sikio langu bado huungoja.