Mzee Anayeunga Riwaya Tandika

Kitabu kibaya hakifiki kwa fundi. Hukaa kabatini kimenyooka, jalada linang'aa, mgongo hauna ufa, kwa kuwa aliyekifungua alikifunga siku hiyo hiyo. Vinavyofika Tandika, kwenye kibaraza cha mzee mmoja anayeunga vitabu, ni vile vilivyozunguka mitaa: Elvis Musiba, Ben Mtobwa, Hammie Rajab, Eddie Ganzel, na miaka hii Hussein Tuwa. Vinatoka Mbagala, Keko na Mtoni, vingine vinaletwa kutoka Manzese na Mwananyamala na wauzaji wanaotandika vitabu chini juu ya turubai. Nimekaa sana kwenye benchi lake, na nasema bila kusita kwamba sijakutana na mhakiki anayezijua riwaya zetu za upelelezi na za mapenzi ya majini kama mzee huyu anavyozijua kwa vidole.

Kazi huanza kwa kuhesabu. Juzi zamu ilikuwa ya Salamu Toka Kuzimu ya Mtobwa, nakala iliyoletwa ndani ya bahasha ya kaki, jalada kivyake, kurasa kivyake. Fundi hakugusa gundi wala sindano. Alinawa mikono, akaikausha vizuri, akaanza kugeuza karatasi moja moja kwa dole gumba kavu. Halambi kidole. Mate, anasema, ndiyo yanayoozesha pembe za kitabu. Palipopungua karatasi aliandika namba kwa penseli kwenye kipande cha boksi. Alipomaliza alirudia tangu mwanzo, na zilipotokea kuwa ni zile zile karatasi mbili zinazokosekana, akaridhika.

Kuhesabu huko ndiko pia kusoma kwake. "Huyu Joram Kiango hawamwachi njiani, mwanangu," aliniambia juu ya mpelelezi wa Mtobwa, akinisogezea ukingo wa kurasa. "Ona weusi wa vidole. Mwanzo, katikati, mwisho, ni ule ule." Kisha akavuta kitabu kingine, ambacho jina lake naliacha. Weusi ulikomea kwenye theluthi ya kwanza, na kuanzia hapo kurasa zilikuwa safi, hazijaguswa. Hapo, alisema, mwandishi aliacha kusimulia akaanza kuhubiri. Nilishakisoma kitabu hicho, na ndivyo kilivyo.

Baada ya kuhesabu huvua gundi ya zamani. Hutandika kitambaa juu ya mgongo wa kurasa na kupitisha pasi ya mkaa, taratibu, mpaka gundi ilegee. Kisha huikwangua kwa kijiti cha mwanzi alichokichonga bapa. Wembe hautumii hapa, kwa sababu wembe haujui gundi inapoishia na karatasi inapoanzia. Adui yake mkubwa ni selotepu. Msomaji mwenye huruma huibandika kitabu kinapopasuka, na baada ya miaka michache inageuka rangi ya chai, inakula herufi, inaacha utelezi usiokubali kitu kingine kushika. Nilimtazama akitumia sehemu kubwa ya asubuhi kuondoa kipande kimoja kisichofika urefu wa kidole. Hakuvuta hata mara moja. Alipasha moto, akasubiri, akasukuma kwa kijiti, akapasha tena.

Mipasuko huzibwa kwa karatasi ya shashi na uji wa ngano. Uji huo anaupika mwenyewe: unga unakorogwa kwa maji baridi kwanza usifanye madonge, unapandishwa kwenye moto mdogo huku mwiko hausimami, unachujwa kwa kitambaa, na mwisho anatia chembe ya mrututu ili mende na wadudu wa karatasi wakae mbali. Shashi haikatwi kwa mkasi. Anailowesha kwa brashi nyembamba kwenye mstari anaoutaka na kuichana, ili ukingo wake ubaki na nyuzinyuzi zinazoshikana na karatasi ya kitabu. Ukipitisha kidole juu ya mahali palipopasuka, huoni tofauti ila kwa kukodoa macho.

Sasa zile karatasi mbili zilizopotea. Aliazima nakala nzima kutoka kwa mteja wa Magomeni. Fotokopi hakuipiga, kwa sababu kukilaza kitabu cha mtu juu ya kioo cha mashine na kukigandamiza ni kukivunja mgongo ili kumtibu mwenzake. Akaketi na rula, penseli na kalamu ya wino mweusi, akanakili kwa mkono. Alipiga mistari iliyolingana na ile ya chapa. Kila mstari wake uliishia kwenye neno lile lile ulipoishia mstari wa mchapaji, hata palipokuwa na neno lililokatwa katikati kwa kistari. Herufi zilisimama wima, hazikuegemeana. Aliandika ukurasa mmoja kabla ya adhuhuri, wa pili baada ya chakula, karatasi ya pili aliiacha kwa kesho yake, maana mkono uliochoka huanza kuandika kwa hati yake badala ya hati ya kitabu.

Nilimwuliza kama anaona uzuri wa Mtobwa anapomnakili hivyo. Alisema Mtobwa hachoshi mkono, kwa kuwa sentensi zake hazina mzigo usiobebeka. Ni hukumu ninayoikubali. Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alianzisha Heko Publishers na kuvitoa vitabu kama mtu anayejua vitasomwa wapi: kwenye kiti cha daladala, chini ya taa ya kibatari, kwenye zamu ya ulinzi. Dar es Salaam yake ni ya usiku, na mpelelezi wake hana serikali nyuma yake.

Willy Gamba wa Musiba ni mtu mwingine kabisa, na fundi anasema nakala zake hupoteza jalada kwanza, kwa sababu watu hulikunja kwa nyuma wapate kusoma wakiwa wamesimama. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974, jiji hili likiwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Miaka mitano kabla, Eduardo Mondlane wa FRELIMO alikuwa ameuawa hapa hapa Dar es Salaam kwa bomu lililotegwa ndani ya kitabu. Musiba hakulazimika kubuni hatari. Msomaji wake aliishi nayo jirani. Ndiyo maana bado napenda zaidi kazi za awali za Musiba kuliko riwaya nyingi za kijasusi za siku hizi, ambamo bunduki zinatajwa kwa majina na namba zake zote, lakini huoni nani anaogopa nini. Tuwa simhesabu humo. Katika Mkimbizi anajua kumnyima msomaji mahali pa kupumzikia, na nakala yake niliyoiona Tandika ilikuwa imelegea kuanzia pini mpaka pindo.

Kurasa zilipotimia, fundi alizigonga juu ya meza, upande wa mgongo, kisha upande wa juu, kisha mgongo tena, mpaka zikakaa sawa kama ubao. Akazibana katikati ya mbao mbili, akaingiza kwenye jiriwa, akaacha mgongo uchungulie kidogo tu. Kwa kipande cha msumeno wa chuma alikata mifereji mitano midogo kukatiza mgongo, yenye kina cha unene wa uzi. Uzi wa katani aliupitisha kwenye nta mara tatu. Akapaka gundi nyeupe ya maseremala, akalaza uzi ndani ya kila mfereji, akaukandamiza kwa kucha, akapaka gundi tena. Uzi huo ndio unaozuia karatasi kuchomoka. Gundi peke yake, kwa joto letu la pwani, hukauka na kupasuka.

Gundi ya kwanza lazima ikauke kabla ya kitu kingine chochote, na fundi haipulizi wala haiweki juani. Ni katika kungoja huko alipokuja binti mmoja, mwanafunzi, akiwa na bunda la karatasi kutoka steshenari. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Leo umeniletea jini gani?" Walikuwa wanafahamiana. Binti hununua riwaya kwa WhatsApp, sura kwa sura, moja kwa moja kwa waandishi, na zile anazozipenda huzichapisha na kuziunga ziwe vitabu. Hiyo ilikuwa ya jini mahaba: kijana asiyeonekana mchana, harufu ya udi chumbani, posa zinazovunjika moja baada ya nyingine.

Fundi husoma kila anachokiunga, na nusu ya kwanza ya hiyo, aliyoletewa wiki iliyotangulia, alishaisoma. Kosa lake, alimwambia binti, ni kwamba jini yule hana masharti. Anapita ukutani, anaua, anafufua, anajua mawazo ya watu, anabadilisha umbo kila sura. "Asiyeshindwa na kitu hatishi, mjukuu wangu. Na asiyeweza kupoteza kitu, mapenzi yake hayana uzito." Binti alibisha vizuri tu: alisema sura ya kumi na mbili inamfunga jini kwa ahadi, na kwamba msichana wa hadithi ndiye anayechagua mwisho. Fundi alisema ataifika hiyo sura akiwa na sindano mkononi, kisha atatoa hukumu.

Mimi niko upande wa fundi, ila namwongezea binti hoja. Stephenie Meyer alipoandika Twilight mwaka 2005 ilimbidi amfundishe msomaji wake tangu mwanzo mnyonya damu wake anaweza nini na hawezi nini. Mwandishi wa pwani hana shida hiyo. Akitaja ndoto inayojirudia na marashi yasiyo na mwenyewe, msomaji wa Temeke anamaliza mwenyewe, maana bibi yake alishamsimulia. Huo ni mtaji mkubwa, na wengi wanauchezea: wanauchukua woga uliokwisha kuwepo, hawaongezi chochote chao.

Muhammed Said Abdulla aliuchukua woga huo huo akaufanyia kazi. Mzimu wa Watu wa Kale, ulioshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58 na kutoka kitabu mwaka 1960, unamwonyesha msomaji maiti kwenye mzimu na kumwacha ashuku pepo kadiri apendavyo, mpaka mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake waonyeshe mikono ya watu. Fundi anasema nakala za Abdulla zina alama ambayo hajaiona kwa mwandishi mwingine: pembe zilizokunjwa nyuma kabisa, kurasa za mwanzo, kwa sababu msomaji akimaliza hurudi kutafuta pale alipopitwa. Kuna riwaya nyingi ninazozipenda. Chache zimenirudisha nyuma hivyo.

Gundi ilikuwa imekauka. Fundi alikata kipande cha merikani kipana kuliko mgongo kwa vidole viwili kila upande, akakipaka uji, akakilaza na kukisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka mifereji ya uzi ikaonekana kwa chini. Masikio ya kitambaa yakabandikwa kwenye jalada jipya la boksi, na juu yake akarudisha jalada la zamani, lenye mikwaruzo yake yote, kwa kuwa wasomaji wake hukitambua kitabu kwa picha kabla ya jina. Kitabu kikalala chini ya tofali mbili usiku kucha. Asubuhi alisawazisha kingo kwa kisu kilichonolewa, akiondoa unyoya tu wa karatasi, akafungua sura ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, akasikiliza. Mgongo haukulia.

Rafuni nyuma yake kuna vitabu asivyovitoa hata mwenyewe akija na pesa. Ni vya upelelezi visivyo na karatasi ya mwisho. Anaona ni dhuluma kumrudishia mtu maiti bila muuaji, na hakubali kutunga mwisho ambao mwandishi hakuuandika. Kimojawapo ni Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula, ya mwaka 1965, ile ya Inspekta Wingo, mojawapo ya riwaya za mwanzo kabisa za upelelezi kutoka bara. Mgongo wake umekwisha shonwa, merikani imewekwa, jalada linangoja.

Riwaya hizi wasomi walizipa jina la riwaya pendwa, wengi wakazipita, na nyingi haziko tena madukani. Kwa hiyo msomaji, kabla hujafungia karanga au kuwashia jiko kwa kitabu cha zamani kilicholegea, tazama karatasi ya mwisho kama ipo. Ikiwa ni Katalambula, Ganzel au Rajab, na imetimia, usiiuze kwa kilo. Mwazime fundi aliye karibu nawe kwa siku mbili. Atakurudishia kama ulivyompa, na mtu mwingine Temeke atajua nani aliua.