Kabla ya Taa Kuwaka: Jinsi ya Kuitambua Tawasifu Nzuri ya Mtu wa Televisheni

Ukikuta kitabu cha mtu wa televisheni kwenye meza ya vitabu vya mitumba, usianze na sura ya kwanza. Anza nyuma, kwenye shukrani. Humo ndimo mwenye kitabu anamomtaja aliyemsaidia “kupanga maneno”, nawe utajua umeshika kazi ya nani. Si dhambi kusaidiwa. Ila mwandishi wa kukodi ana pindo lake: kila sura inafunguka kwa tukio la kusisimua, inarudi utotoni, kisha inafungwa kwa sentensi ya hekima. Ukiona sura tatu mfululizo zimeshonwa hivyo, mrudishie muuzaji mali yake uulizie kingine.

Nimekuwa nikinunua vitabu vya aina hii kwa miaka mingi, vingi vimeachwa na watalii hotelini, na vingi nimevijutia. Kosa lilikuwa langu. Tunavijia vitabu hivi tukiwa tumeshampenda mwandishi. Amekuwa sebuleni kwetu kila Jumapili jioni, amewachekesha wazazi wetu, na uso wake unatufanya tusamehe ukurasa mzima wa maneno ya bure. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msomaji ni kumvua mwandishi uso. Mkenya aliyekua na Vitimbi bado anaweza kumsikia Mzee Ojwang' televisheni ikiwa imezimwa. Lakini Ojwang' alikuwa Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, mtu ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Kijaluo alilovalishwa na igizo. Ningepewa kitabu cha maisha yake, Ojwang' asingenishughulisha, kwa kuwa huyo namjua. Ningemtafuta Wanjau. Nisipompata kufikia ukurasa wa hamsini, ningeacha kusoma.

Mizani yangu kubwa ni kazi. Hesabu kurasa zilizopo kabla ya umaarufu, halafu hesabu zilizopo baada yake. Kitabu kibovu kinakimbilia taa, zulia jekundu na majina ya waliokutana na mwandishi kwenye karamu. Kizuri kinakaa gizani muda mrefu, kwenye mazoezi, kwenye kumbi zenye watu wanane na kwenye mizaha iliyododa.

Kwa mizani hiyo, sijaona kilichokizidi Born Standing Up cha Mmarekani Steve Martin, kilichotoka mwaka 2007. Ni chembamba, kurasa mia mbili na kidogo. Martin alichekesha jukwaani miaka 18, naye anaigawa waziwazi: 10 ya kujifunza, 4 ya kunoa, 4 ya umaarufu uliopitiliza. Kitabu chenyewe kimegawanywa kwa uzani huohuo, na hapo ndipo unapojua kwamba mwandishi anajua anachokifanya. Tunaanza mwaka 1955, Disneyland ikiwa ndiyo kwanza imefunguliwa jirani na kwao, na mtoto wa miaka 10 anauza vijitabu vya mwongozo kwa wageni. Baadaye anasimama nyuma ya kaunta ya duka la mazingaombwe humohumo, akionyesha hila zilezile kutwa nzima hadi mikono inazifanya bila yeye kufikiri. Umaarufu haujaonekana hata kwa mbali, nasi tumeshafunzwa jambo: kurudia ndiko kulikomlea.

Kisha inakuja sehemu ambayo ningemsomesha yeyote anayetaka kuandika juu ya ufundi wake. Kichekesho cha kawaida hupandisha wasiwasi wa wasikilizaji, kisha neno la mwisho linaushusha, na watu wanacheka kwa kuwa wameashiriwa wacheke, kama kibwagizo kinavyoitikiwa na watu waliokizoea. Martin, aliyekuwa amesoma falsafa chuoni, akajiuliza: je, wasiwasi ukipandishwa usishushwe kamwe? Ishara isipotolewa, watu watalazimika kuchagua wenyewe pa kuchekea, na kicheko cha kujichagulia ni kigumu kukizuia. Anaeleza hayo kwa utulivu wa fundi saa, bila kujisifu, kisha anaeleza ilivyomchukua miaka kuifanya nadharia hiyo ifanye kazi mbele ya watu wanaokula chakula cha jioni. Usiku mmoja katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt onyesho liliisha, lakini watu hawakuondoka. Akawatoa nje, akakuta bwawa la kuogelea lisilo na maji, akawaambia waingie humo, naye akajilaza juu ya vichwa vyao na “kuogelea” hadi upande wa pili. Mwandishi wa kukodi angelifanya tukio hilo sura ya kwanza. Martin ameliweka mahali pake, kama tokeo la jaribio lililoanza miaka mingi kabla.

Na televisheni? Imo, lakini kama mwajiri tu. Aliandikia kipindi cha ndugu wawili wa Smothers, ambacho kituo cha CBS kilikifuta mwaka 1969, na mwaka huohuo waandishi wake wakapata tuzo ya Emmy. Alipotokea Saturday Night Live, baba yake, aliyeuza nyumba na ambaye ujanani alitamani uigizaji, aliandika uhakiki mbaya wa mwanawe katika jarida la chama cha mawakala wa nyumba. Martin analisimulia hilo kwa maneno machache kisha anaendelea na safari. Uchache huo ndio ubora wenyewe. Mwenye uchungu wa kweli hahitaji kuupigia ngoma.

Katika kitabu cha Norman Lear, mtayarishaji wa vichekesho vya televisheni wa Marekani, napima jambo jingine: je, mwandishi anajua chimbuko la vitu vyake? Lear alitoa Even This I Get to Experience mwaka 2014 akiwa na miaka 92. Alikuwa ameruka safari 52 za vita ndani ya ndege za kudondosha mabomu, akitokea Italia, kabla ya kuwa mtu wa vichekesho. Lakini kitabu hakisimami juu ya vita. Kinasimama juu ya kiti. Lear alipokuwa na miaka tisa, baba yake alikamatwa kwa kuuza hati bandia, na jioni hiyo nyumba ilijaa watu waliokuja kununua samani, kikiwemo kiti chekundu cha ngozi ambacho baba alikikalia akisikiliza redio. Mtu mmoja akamwambia mtoto kwamba sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Miaka arobaini baadaye, Januari 1971, CBS ilianza kuonyesha All in the Family, igizo lake Lear, na katikati ya sebule kukawa na kiti ambacho hakuna aruhusiwaye kukikalia isipokuwa baba mkali, Archie Bunker. Kiti hicho cha maigizo kiko katika jumba la makumbusho la Smithsonian tangu mwaka 1978. Watazamaji walicheka misimu tisa bila kujua kilichouzwa jioni ile. Tawasifu nzuri hukupa kitu cha namna hii, kitu cha mbao na ngozi, badala ya kukuambia “utoto wangu uliathiri kazi yangu”. Nusu ya mwisho ya Lear, nikiri, imejaa wakubwa na mikutano; nimeiruka mara mbili.

Lear pia alikuwa nyuma ya Good Times, igizo juu ya familia ya watu weusi Chicago. Waingereza waliichukua miswada yake wakaipandikiza London mwaka 1976 kwa jina la The Fosters, na miongoni mwa waigizaji alikuwemo kijana wa miaka 17, Lenny Henry, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika. Kitabu chake, Who Am I, Again?, kilitoka mwaka 2019, na ndicho ninachokitumia kupima aibu.

Henry alishinda shindano la vipaji la New Faces mwaka 1975 kwa kuwaiga watu maarufu. Alianza akiwa amewapa watazamaji mgongo, akizungumza kwa sauti ya mwigizaji Mzungu waliyemzoea, halafu akageuka. Watu walipasuka kwa kicheko. Mwandishi mwoga angeishia hapo. Henry anaendelea hadi kwenye miaka aliyozunguka na Black and White Minstrel Show, onyesho ambalo Wazungu walijipaka rangi nyeusi usoni wakaimba, naye akiwa mmoja asiyehitaji kupakwa. Haombi tumwonee huruma, wala hasemi kwamba siku hizo mambo yalikuwa hivyo basi. Anauliza ni watu wazima gani walioona jambo hilo linafaa kwa mvulana wa umri wake, naye anajihesabu miongoni mwa wanaostahili kuulizwa. Ukiwa dukani, fungua kitabu cha mchekeshaji yeyote pale penye jambo ambalo leo linamwaibisha. Akilipita kwa mzaha mmoja, funga.

Kuna pesa pia, na hapa waandishi wa televisheni ni wanafunzi wabaya kuliko watangulizi wetu. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliposimulia maisha yake kwa Kiswahili, hakuona haya kutaja frasila za pembe, mikopo na waliomdai. Biashara yake, kwa ubaya wake wote, unaweza kuipiga hesabu. Mwigizaji wa leo atakueleza talaka yake kwa sura mbili lakini hatakuambia alilipwa kiasi gani kwa kila kipindi. Ndiyo maana nilishtuka niliposoma I'm Glad My Mom Died cha Jennette McCurdy, cha mwaka 2022, na kukuta tarakimu: anasimulia kwamba aliahidiwa dola 300,000 ili asizungumzie yaliyompata katika kituo alichofanyia kazi utotoni, naye akakataa. Kichwa cha kitabu kinaudhi masikio ya Mswahili, najua. Mama hasemwi hivyo. Lakini kisome. McCurdy alianza kuigiza akiwa na miaka sita kwa sababu mama yake alitaka, na ameandika sura fupifupi katika wakati uliopo, kwa akili ya mtoto yule, bila mtu mzima kuingilia kati na kufafanua. Mtoto anafurahi mama akifurahi. Msomaji ndiye anayeogopa. Ni ufundi mgumu, na wengi waliotunga utoto wao wamevunjikia hapo.

Sasa tuje kwa mwongo. Chuck Barris wa Philadelphia ndiye aliyebuni The Dating Game mwaka 1965, akaitayarisha The Newlywed Game mwaka uliofuata, kisha kuanzia 1976 akasimama mwenyewe mbele ya kamera za The Gong Show, ambako washiriki wasio na kipaji walikatizwa kwa kupigiwa upatu. Wahakiki walimshutumu kwa kuiua ladha ya taifa zima. Mwaka 1984 akatoa Confessions of a Dangerous Mind, akidai kwamba miaka yote hiyo alikuwa pia muuaji wa siri wa CIA. CIA ilikana. George Clooney alikigeuza kitabu hicho kuwa filamu mwaka 2002.

Je, kitabu cha uongo kinaweza kuwa tawasifu nzuri? Zamani nilisema hapana. Siku hizi nauliza uongo umetoka wapi. Mtu anayeitwa muuaji kila wiki magazetini ameamua kuwa muuaji kweli, na kuhesabu maiti zake, na kuona kama sasa mtamchukulia kwa uzito. Ukikisoma hivyo, kinauma kuliko ungamo la kawaida. Lakini usikisome peke yake. Binti yake pekee, Della, aliyewahi kutokea katika The Gong Show akiwa mtoto, alifariki mwaka 1998 kwa dawa za kulevya. Mwaka 2010 Barris alimwandikia kitabu kinachobeba jina lake, na humo hakuna jasusi wala bastola. Kuna baba tu, anayejiuliza alikuwa wapi. Viwili hivyo vinunuliwe pamoja. Cha pili kinakufundisha namna ya kukisoma cha kwanza.

Utaniuliza juu ya Born a Crime cha Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini aliyewahi kuendesha kipindi cha usiku Marekani, maana ndicho kinachopatikana kirahisi kwetu. Ni kitabu chema, tena sana, lakini ni kitabu juu ya mama yake, Patricia, na Johannesburg. Televisheni karibu haimo. Anayetaka kujua kipindi cha usiku kinavyopikwa ataondoka na njaa.

Kama mfuko unaruhusu kimoja tu, nunua cha Martin. Kama unaruhusu viwili, ongeza cha Henry, na umpe kijana yeyote wa nyumbani anayesema anataka kuwa mchekeshaji.