Zunguka Nyuma ya Nyumba: Kuijua Kazi Nzuri ya Kiyoyozi Goma

Mteja anapolipia kiyoyozi, macho yake yako ndani: chombo cheupe ukutani, rimoti mkononi, ubaridi usoni. Fundi anawasha, chumba kinapoa, pesa zinatolewa. Mimi nikiitwa kukagua siingii ndani kwanza. Nazunguka nyuma ya nyumba kwenye chombo cha nje, chenye kompresa na feni. Napiga magoti, naweka kiganja ukutani karibu na vishikio vyake, nasikiliza. Siku ya kwanza chumba kitapoa hata kazi ikiwa mbovu. Ubovu wenyewe umejificha huku nyuma, nao hujitokeza baada ya miezi sita, fundi akiwa ameshabadilisha namba ya simu.

Mji wetu si Mombasa wala Dar es Salaam. Tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na siku nyingi dirisha likifunguliwa linatosha. Viyoyozi vya Goma vina kazi maalumu: vyumba vya seva vya benki na kampuni za simu, maabara, bohari za dawa, hoteli za kando ya ziwa, na vile vyumba vidogo chini ya mabati ambavyo saa nane mchana vinawaka kama tanuri. Siku hizi kuna wanaonunua pia mashine zinazogeuka, zinazopoza mchana na kupasha joto usiku wa mvua. Kwa hali ya hewa yetu naziona ni chaguo la busara. Lakini vitabu na video ambazo mafundi wengi wamejifunzia vilitengenezwa kwa miji mingine. Kazi nzuri hapa ni ile inayojua kwamba iko Goma, na ndicho kitu ninachokitafuta nikipiga magoti.

Nianze na mshale wa geji, kwa sababu hapo ndipo fundi anajulikana mapema. Mabomba ya shaba yakishaunganishwa, yamejaa hewa na unyevu. Lazima pampu ivute vyote kabla gesi haijafunguliwa, maana unyevu ukikutana na mafuta ya kompresa hufanya asidi, na asidi hula waya za mota polepole. Vitabu vinasema pampu ikivuta vizuri, mshale hushuka mpaka inchi 30 chini ya sifuri. Ni kweli, kwa mtu aliye ufukweni. Hapa hewa iliyo juu yetu ni nyepesi, mgandamizo wake ni milibari 850 hivi badala ya 1,013 za pwani. Hata ukivuta kila chembe ya hewa iliyomo bombani, mshale utagota karibu na inchi 25. Fundi wa Goma akikuambia amefikisha thelathini, ama geji yake haikurekebishwa sifuri, ama pampu hakuiwasha. Akikuambia, "Huku kwetu inaishia ishirini na tano," mpe kiti na umletee chai.

Hata hivyo mshale peke yake hautoshi, kwa kuwa hauoni tofauti ndogo za mwishoni. Fundi kamili ana kipimo cha kidijitali kinachosoma maikroni, nacho hakidanganywi na mwinuko. Anashusha mpaka chini ya 500, anafunga vali, anazima pampu, kisha anangoja. Namba ikipanda na kuendelea kupanda, kuna tundu. Ikipanda kidogo halafu ikatulia, mara nyingi ni unyevu uliobaki, na pampu inawashwa tena. Huo mngojeo ndio ninaoupenda kuliko yote: mtu amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, anatazama namba, hana haraka.

Asiye na pampu hutumia njia ya mkato. Anafungua vali ya gesi kidogo, inatoa sauti ya sssss upande wa pili, anasema hewa imetoka. Ukisikia sauti hiyo kabla pampu haijaunganishwa, simamisha kazi. Unyevu umebaki ndani, na gesi uliyoinunua imekwenda angani. Mashine nyingi mpya zinatumia R32, ambayo inaweza kushika moto. Tena gesi hizi zinapasha dunia joto kiasi kwamba mataifa yalikutana mwaka 2016 hapo jirani, Kigali, yakakubaliana kupunguza matumizi yake.

Kabla ya pampu kuna jaribio la mgandamizo, na hapa nasema kwa uzito wote. Linafanywa kwa nitrojeni kavu, yenye rigyuleta kwenye chupa yake. Nitrojeni haipatikani kila duka, na gereji za mjini zimejaa chupa za oksijeni za kuchomelea. Oksijeni ikiingia kwenye bomba lenye mafuta ya kompresa, inaweza kulipuka. Imeshaua mafundi katika nchi nyingi. Ukiona chupa ya mchomeleaji inafungwa kwenye kiyoyozi chako, waondoe watoto, na mwombe fundi aichomoe na aondoke nayo.

Sasa viungo. Mwambie fundi akuonyeshe mdomo mmoja wa bomba alioupanua kabla hajaukaza. Mdomo mzuri una upana sawa pande zote, unang'aa kama ndani ya kikombe cha chuma, hauna ufa wala mstari wa mkwaruzo, na nati inapita juu yake bila kukwama. Ili uwe hivyo, bomba lilikatwa kwa kikatio cha gurudumu na si kwa msumeno, na makali ya ndani yalikwanguliwa bomba likiwa limeinamishwa chini ili unga wa shaba udondoke nje. Kisha tone la mafuta, nati kwa vidole kwanza, na mwisho spana yenye kipimo: bomba la robo inchi linataka nyutoni-mita 14 mpaka 18, basi. Wanaokaza kwa nguvu za bega hupasua mdomo huo mwembamba, na ufa hauonekani mpaka gesi iishe. Kuna alama moja inayoniambia yote bila kuuliza: utepe mweupe wa mabomba ya maji kwenye nati hizi. Aliyeuzungusha hajui kiungo hiki kinazibaje. Kinaziba shaba kwa shaba, na utepe unaharibu tu.

Ukuta unahukumiwa kwa kiganja. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, na chombo cha kilo 30 kikitundikwa kwenye mbao kinaugeuza ukuta kuwa ngoma. Usiku wenyeji hawalali, na mtetemo unalegeza viungo nilivyovieleza. Kwa nyumba ya mbao chombo kikae chini, juu ya kibao cha zege kilichomwagwa juu ya mawe ya lava, chenye raba miguuni. Kwenye ukuta wa matofali ya saruji yenye matundu, boliti za kupanuka hushika hewa tupu. Boliti ipite ukuta mzima na ishikwe na bamba la chuma upande wa ndani. Tunaokumbuka Mei 2021, jinsi ardhi ilivyotikisika siku baada ya siku baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Chombo kisitundikwe juu ya mlango wala mahali watoto wanapochezea.

Usikubali pia kichimbiwe shimo ili kifichike, hasa upande wa magharibi kuelekea Sake. Mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kuua, hutuama mashimoni. Mashine haitaumia, ila fundi atakayekuja kuitengeneza atapiga magoti humo na kuinamisha kichwa.

Jambo lililo gumu kuliko yote mjini hapa ni waya wa ardhi. Mwaka mmoja niliitwa na mama mwenye duka la dawa. Kila alipofagia nyuma na kugusa kifuniko cha chombo, kilimrusha mkono.

"Mama, usikiguse tena mpaka tukate umeme," nikamwambia.

"Mwanangu, walionifungia walisema ni kawaida."

Waya wa kijani na njano ulikuwepo, umefungwa vizuri kwenye nondo iliyosimama kando ya ukuta. Niliishika nondo, ikatoka kwa mkono mmoja. Urefu wake ulikuwa kama rula ya shule, na ncha ilikuwa imejipinda pale ilipogonga lava. Kwa mtazamaji kazi ilikuwa imekamilika. Lava kavu haipitishi umeme vizuri, na nondo haiingii. Tulichimba mtaro mrefu upande wa bustani penye udongo, tukalaza waya mtupu wa shaba, tukafukia kwa udongo mweusi na unga wa makaa, tukapima kwa kifaa, tukaongeza urefu, tukapima tena. Juu ya hayo tuliweka swichi inayojikata umeme ukivuja miliampia 30. Fundi mzuri wa Goma hufanya yote mawili, kwa kuwa anajua mawe yetu hayaaminiki. Mwulize swali moja tu: "Ulipata omu ngapi?" Asiye na namba hakupima.

Umeme wenyewe unajulikana. Uwe wa SNEL, wa Virunga Energies, wa jua au wa jenereta, utakatika na kurudi, na mara nyingine utarudi ukiwa dhaifu au umezidi. Kompresa ikizimika inataka kama dakika tatu mgandamizo usawazike kabla haijawaka tena. Kwa hiyo kinga ya volti yenye kuchelewesha ni sehemu ya kazi, si nyongeza ya mwenye pesa. Mashine iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme, na swichi ya kukatia karibu na chombo cha nje, ili anayekitengeneza aione kwa macho yake.

Na mvua. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira una salfa, na mvua inayoupitia hula mabati yetu kama kila mwenye nyumba ajuavyo. Mapezi ya alumini ya chombo cha nje ni membamba kuliko bati lolote. Nunua yenye rangi ya kinga, vishikio vya mabati mazito, boliti zisizoshika kutu. Kisha vumbi jeusi la barabara huziba mapezi hayo, na hewa yetu nyepesi tayari inabeba joto kidogo kuliko ya pwani. Basi nyuma ya chombo paachwe nafasi ya kupitisha mkono mzima, mbele pasizibwe na kitu, na mapezi yaoshwe kwa maji safi ya taratibu, umeme ukiwa umekatwa, kila vumbi au majivu yanapozidi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usilipe fungu la mwisho siku chumba kinapopoa. Mwombe fundi aandike kwenye karatasi, aibandike ndani ya kifuniko cha swichi: nitrojeni ilishika kwa kiasi gani na muda gani, maikroni zilifika ngapi, waya wa ardhi una omu ngapi, na tarehe. Fundi aliyefanya kazi anazijua namba hizo kwa kichwa, na ataziandika kwa dakika mbili.