Kuona bila Kusikia: Tathmini ya Paris/Ojibwa ya Robert Houle

Mwaka 1845, kikundi cha Waojibwa wa Amerika Kaskazini, kikiongozwa na Maungwudaus, kilicheza ngoma jijini Paris mbele ya Mfalme Louis-Philippe. Delacroix akawachora wachezaji. Baadhi yao walifariki Ulaya kwa ndui. Katika Paris/Ojibwa (2010), Robert Houle, msanii wa Kanada wa asili hiyohiyo, anawarejesha mjini humo, si kama kioja, bali kwa nafasi zao katika jamii: mganga, mpiganaji, mchezaji ngoma na mponyaji. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi hii. Hata hivyo, Maungwudaus alichapisha simulizi yake ya safari mwaka 1848. Makumbusho yakiionesha kazi hii bila simulizi hiyo, yatarudia kosa la watazamaji wa awali: kuona bila kusikia.